Monstera Mwanza: mwongozo kamili wa kuikuza mpaka itoe majani yenye matundu

Maswali kuhusu monstera yanayotoka Mwanza yanafanana mno. Majani yanageuka njano moja baada ya jingine. Shina linalainika pale linapogusa udongo. Au mmea uko hai mwaka wa pili sasa, lakini kila jani linatoka dogo na zima, bila tundu wala mpasuko.

Hali ya hewa haina lawama. Mji uko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na kwa sehemu kubwa ya mwaka joto huwa kati ya nyuzi 18 na 30, kiwango ambacho monstera inakipenda. Kasoro iko kwenye mambo mawili: udongo uliomo chunguni na giza la sebuleni.

Monstera ni mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti. Porini mizizi yake hushika magome na takataka za majani, mahali ambapo maji hupita haraka na hewa hubaki. Ukiifungia kwenye udongo mzito unaolowa wiki nzima, mizizi inakosa hewa, inakufa, kisha vimelea vya kuoza vinaingia. Ukiitazama kwa juu unaweza kudhani ina kiu, ukaiongezea maji, na hapo ndipo nyingi zinapomalizikia.

## Kwanza, hakikisha ni monstera

Kwenye bustani za miche za kando ya barabara kuna mimea kadhaa inayouzwa kwa jina hili. Monstera ya majani makubwa, *Monstera deliciosa*, ina alama mbili. Ya kwanza ni kikonyo cha jani: pale kinapokutana na jani pana kigoti kilichokunjamana kidogo, na jani hukitumia kujigeuza kuelekea mwanga. Ya pili ni shina linalotambaa lenye mizizi minene ya hewani inayoning'inia.

Filodendroni ya majani yaliyochanika haina kigoti hicho, na majani yake hayatoi matundu karibu na mshipa wa kati hata ukiisubiri miaka kumi. Nayo ni mmea mzuri, ila usiinunue ukitarajia kitu kingine.

## Vitu vya kuandaa

Vikusanye vyote kabla ya kugusa mmea, maana mizizi iliyo wazi haipendi kusubiri. Vipimo hivi vinatosha chungu au ndoo moja ya lita 10.

- Mche wa monstera, au kipande cha shina chenye kifundo (tazama hatua ya 1).
- Ndoo au chungu cha lita 10 chenye matundu yasiyopungua 6 chini, kila moja likiwa na upana wa sm 1. Ndoo ya plastiki itoboe kwa msumari mnene uliopashwa moto. Mche wenye majani mawili au matatu madogo unahitaji chungu cha lita 3 tu.
- Pumba ngumu za mpunga, lita 6 hivi kabla ya kuchomwa. Zipo kwenye kila mashine ya kukoboa. Usichukue zile laini za kulishia kuku.
- Chenga za mkaa, lita 2.
- Udongo wa juu wa shambani, lita 2.
- Samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, lita 2.
- Mchanga mkubwa wa ujenzi, lita 1, uliooshwa.
- Mti mnyoofu wa kuwa nguzo, wenye urefu wa mita 1.2 na unene wa kifundo cha mkono, kipande cha gunia la katani na kamba ya katani.
- Kisu kikali, spiriti, glavu, na vijiti viwili vya mishikaki.

Mchanga nunua kwa wauzaji wa vifaa vya ujenzi. Usiingie ziwani kuchota mchanga wala maji kwa ajili ya mmea: kwenye kingo za Ziwa Victoria kuna kichocho, na vimelea vyake hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini.

## Hatua ya 1: Kata kipande kwenye kifundo

Kama una mche wenye mizizi, ruka hatua hii.

Kifundo ni ule uvimbe kwenye shina unaotoa jani, jicho na mzizi wa hewani. Bila kifundo hakuna mmea. Jani lenye kikonyo peke yake linaweza kukaa majini miezi, hata likatoa mizizi, lakini halitachipua kamwe kwa sababu halina jicho. Wengi hupewa jani tupu na jirani kwa nia njema, wakaishia kulitazama tu.

1. Futa kisu kwa spiriti.
2. Vaa glavu. Utomvu wa monstera unawasha.
3. Kata shina sm 2 hadi 3 chini ya kifundo chenye mzizi wa hewani. Kipande kiwe na jani moja au mawili, si zaidi, kwani majani mengi yanapoteza maji ambayo mizizi haipo kuyarudisha.
4. Kiache kivulini saa 3 hadi 4 ili kidonda kikauke.
5. Kitie kwenye chupa ya maji safi, kifundo na mzizi wa hewani viwe ndani ya maji na jani libaki nje. Badilisha maji kila baada ya siku 3.

Kwa joto la Mwanza, mizizi myeupe huanza kuonekana ndani ya wiki 2 hadi 4. Ipande ikifika sm 7 hivi na ikiwa imeanza kutoa matawi madogo. Ukiichelewesha ikawa mirefu sana, itakuwa imezoea maji na itasumbuka ikiingia kwenye udongo.

Maji yakinuka na ncha ya shina ikawa laini na ya kahawia, kata juu ya palipooza, kausha tena, anza upya.

## Hatua ya 2: Choma pumba, kisha changanya udongo

Hatua hii ndiyo inayoamua yote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Maeneo mengi ya Mwanza yana aina mbili za udongo. Ule wa miteremkoni kwenye mawe ni luseni, wa kichanga, unaopitisha maji lakini hauna chakula. Ule wa bondeni ni mbuga, mweusi, unaonata ukilowa na kupasuka ukikauka. Mbuga usiutumie chunguni hata kidogo. Luseni unafaa, ila ukiuacha peke yake hujishindilia ndani ya miezi michache na kuwa mgumu.

Kuchoma pumba. Pumba mbichi zikianza kuoza chunguni hunyang'anya mmea naitrojeni, ndiyo maana tunazichoma nusu. Toboa kopo kubwa la bati matundu mengi pembeni, chomeka bomba la bati juu yake liwe dohani, washa vijiti ndani ya kopo, kisha rundika pumba kulizunguka. Weusi ukianza kutokea nje ya rundo, geuza kwa koleo. Zikishakuwa nyeusi zote huku zikiwa bado na umbo la punje, mwagia maji mengi na uzitandaze.

Usingoje ziwe kijivu. Kijivu ni majivu, na majivu mengi huufanya udongo kuwa na magadi. Mizizi inashindwa kuchukua madini ya chuma, na majani mapya yanatoka ya njano yenye mishipa ya kijani.

Fanyia kazi hii nje, mbali na nyumba na watoto. Rundo linaweza kuficha moto ndani hata baada ya kumwagiwa maji, hivyo lichakure na kulikagua tena baada ya saa moja.

Chenga za mkaa. Zichekeche uondoe vumbi. Unataka vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi hadi harage. Vumbi la mkaa huziba nafasi zile zile unazojaribu kuzitengeneza.

Samadi. Iliyo tayari inanuka kama udongo, haina joto ukiingiza mkono, na huwezi tena kuona majani yaliyoliwa na ng'ombe. Mbichi inaunguza mizizi.

Vipimo kwa kopo la lita 1:

- Pumba zilizochomwa, makopo 3
- Chenga za mkaa, makopo 2
- Udongo wa juu, makopo 2
- Samadi, makopo 2
- Mchanga mkubwa, kopo 1

Changanya vikiwa na unyevu kidogo ili vumbi lisipande. Kisha jaribu: kamata fumba la mchanganyiko, ubane kwa nguvu, ufungue mkono. Ukishikamana kidogo na kuvunjika ukiugusa kwa kidole, umepatia. Ukibaki donge, ongeza kopo la mkaa. Ukimwagika wote papo hapo kama mchanga mkavu, ongeza nusu kopo la samadi.

## Hatua ya 3: Panda, na simamisha nguzo siku hiyo hiyo

Nguzo ikichomekwa miezi sita baadaye inakata mizizi iliyokwisha kutanda. Isimamishe sasa.

1. Zungushia mti gunia la katani mara mbili na ulifunge kwa kamba kila baada ya sm 10.
2. Usiweke kokoto chini ya chungu. Watu huamini zinasaidia maji kutoka, kumbe maji hayashuki kirahisi kutoka udongo wenye chembe ndogo kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto. Yanatuama juu yake, karibu zaidi na mizizi. Kipande cha wavu juu ya matundu kinatosha kuzuia udongo usimwagike.
3. Simamisha nguzo mpaka iguse chini, jaza udongo hadi nusu, shindilia kuzunguka nguzo tu.
4. Tazama mmea. Mizizi ya hewani hutoka upande mmoja wa shina, na majani huelekea upande mwingine. Upande wa mizizi ndio mgongo wake, na mgongo huo ndio uguse nguzo.
5. Panda mizizi, jaza udongo, acha sm 3 juu kwa ajili ya maji. Shina lisizikwe zaidi ya pale lilipokuwa mwanzo.
6. Funga shina kwenye nguzo kwa kamba iliyolegea. Usifunge vikonyo vya majani, vinahitaji kugeuka.
7. Mwagilia mpaka maji yatoke chini.

Ukitaka kujua kama umepatia, mwaga lita moja ya maji siku inayofuata. Yanapaswa kuzama ndani ya nusu dakika na kuanza kutoka chini muda mfupi baadaye. Yakisimama juu kama dimbwi, mchanganyiko ni mzito. Toa mmea leo ukarekebishe, kabla mizizi haijaanza kuoza.

## Hatua ya 4: Tafuta mwanga unaotosha

Monstera huvumilia kivuli. Kuvumilia huko ndiko kunakoleta majani madogo yasiyopasuka na vikonyo virefu vinavyolala. Pembe ya sebule yenye mapazia mazito, karibu na runinga, haitatoa jani lenye matundu hata ukitia mbolea ya namna gani.

Pima hivi: saa sita mchana, weka karatasi nyeupe pale unapotaka chungu kikae, kisha nyoosha mkono sm 30 juu yake. Kivuli cha mkono kikionekana lakini kingo zake zikawa na ukungu, mahali panafaa. Kisipoonekana kabisa, sogea dirishani. Kikiwa cheusi chenye kingo kali, hilo ni jua la moja kwa moja na majani yataungua.

Dirisha la mashariki ndilo bora, maana jua la hadi saa tatu asubuhi halichomi. Kuwa makini na la magharibi. Nyumba nyingi za miteremkoni hutazama Ghuba ya Mwanza upande huo, na jua la alasiri huingia moja kwa moja. Weka pazia jepesi au rudisha chungu mita moja na nusu ndani.

Madirisha ya kaskazini na kusini hubadilishana. Kwa kuwa Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini ya ikweta, kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana huwa upande wa kaskazini, kisha huhamia kusini hadi Machi inayofuata. Dirisha la kaskazini lililokuwa salama Desemba linaweza kuleta jua kali Juni. Angalia tena mahali pa chungu misimu hiyo inapobadilika.

Barazani, kinga mmea dhidi ya upepo wa ziwani wa mchana. Jani jipya, likiwa bado laini, linachanika likisuguana na ukuta.

Ukitaka kuipanda ardhini, kivuli cha mwembe kinafaa sana. Jiwe kubwa pia ni nguzo nzuri ajabu, na Mwanza haina uhaba wa mawe, lakini panda upande wa mashariki au kusini-mashariki wa jiwe. Upande wa magharibi hunyonya joto la alasiri na kulitoa hadi usiku, na mizizi ya hewani hukauka kabla ya kushika.

## Hatua ya 5: Mwagilia kwa kupima

Usiwe na siku maalumu za kumwagilia. Chomeka kijiti cha mishikaki hadi nusu ya kina cha chungu, kiache dakika 5, kitoe. Kikiwa na unyevu na chembe za udongo zimenata, ngoja. Kikitoka kikavu au kikiwa na rangi nyepesi, mwagilia.

Ukimwagilia, mwagilia kweli: lita 1 hadi 1.5 kwa chungu cha lita 10, polepole, pande zote, mpaka maji yatoke chini. Kikombe kimoja kila asubuhi hulowesha juu tu. Mizizi ya chini inabaki kavu na ya juu inaoza, kwa hiyo unapata hasara mbili kwa mpigo. Maji yaliyomo kwenye sahani yamwage baada ya nusu saa.

Kwa kukadiria tu, chungu cha ndani hukauka kwa siku 5 hadi 7 wakati wa kiangazi cha Juni hadi Septemba, na siku 10 au zaidi masika, mawingu yanapotanda. Kijiti ndicho kinachoamua.

Maji ya bomba yanafaa. Ya mvua ni bora zaidi. Ya kisima chenye chumvi yaache, kwa kuwa ncha za majani zitakuwa za kahawia na ukoko mweupe utajikusanya juu ya udongo.

Matone ya maji kwenye ncha za majani asubuhi si ugonjwa. Mmea unatoa maji ya ziada usiku. Yakitokea kila siku, punguza kumwagilia.

## Hatua ya 6: Mbolea kidogo

Anza wiki 6 baada ya kupanda, mmea ukiwa unatoa jani jipya. Loweka kijiko cha chai kimoja, kilichofutwa juu, cha NPK 17:17:17 kwenye lita 5 za maji usiku kucha. Koroga, chuja, mwagilia mara moja kwa mwezi.

Usitie mbolea kwenye udongo mkavu, inaunguza mizizi. Kila baada ya miezi 3 pitisha maji matupu, mara mbili ya ujazo wa kawaida, ili kuosha chumvi.

## Hatua ya 7: Nguzo, vumbi na wadudu

Lowesha gunia la nguzo kila unapomwagilia. Mizizi ya hewani ielekeze kwenye gunia, wala usiikate. Ikishika nguzo, jani linalofuata huwa kubwa kuliko lililotangulia, na ukubwa huo ndio unaoleta mipasuko. Mche mchanga hutoa majani mazima kwa kawaida. Katika mwanga mzuri, tarajia mpasuko wa kwanza kuanzia jani la tano au la sita. Jani likishafunguka zima halitapasuka baadaye, kwa hiyo tazama lile linalofuata.

Vumbi la barabarani hufunika majani wakati wa kiangazi na kuzuia mwanga. Futa kila wiki mbili kwa kitambaa chenye maji, ukishikilia jani kwa chini. Usipake mafuta ya kupikia ili yang'ae, yanaziba vinyweleo na kunasa vumbi zaidi.

Ukifuta, geuza jani uangalie chini:

- Vipande vyeupe kama pamba kwenye maungio ni vidung'ata. Viguse kimoja kimoja kwa pamba yenye spiriti.
- Utando mwembamba na madoa madogo ya njano ni utitiri mwekundu, hasa Julai hadi Septemba hewa ikiwa kavu. Osha majani kwa maji matupu, kisha kwa maji ya sabuni: kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita 1. Rudia kila siku 5, mara 3.
- Vijinzi vyeusi vinavyoruka kutoka kwenye udongo vinakuambia udongo haukauki. Acha sm 5 za juu zikauke kabisa.

Mmea huu ukitafunwa, mdomo na koo huwaka na kuvimba. Uweke mbali na watoto wanaotambaa, paka na mbuzi. Mtoto akiutafuna, msukutue kwa maji, na akivimba au akipumua kwa shida, mpeleke hospitali mara moja.

## Mmea umenyauka na udongo umelowa: fanya hivi

Hii ni mizizi iliyooza, na kuna muda wa kuiokoa mradi shina bado ni gumu.

1. Toa mmea chunguni, osha mizizi yote kwa maji.
2. Mzizi mzima ni mgumu, mweupe au wa rangi ya maziwa. Uliooza ni wa kahawia, unateleza, na ganda lake huvuka ukiuvuta. Kata wote ulioharibika, ukifuta kisu kwa spiriti kila mara.
3. Shina likiwa limelainika chini, kata kwenda juu mpaka uone nyama nyeupe isiyo na doa. Isipobaki mizizi kabisa, rudi hatua ya 1 na utumie kipande cha juu.
4. Acha mmea kivulini saa 4.
5. Osha chungu kwa sabuni. Udongo wa zamani utupe, usiurudishe.
6. Panda kwenye chungu kinachozidi mizizi iliyobaki kwa sm 3 tu kila upande, kwa mchanganyiko mpya. Chungu kikubwa kwa mizizi michache hubaki na maji mengi yasiyo na wa kuyanywa.
7. Mwagilia mara moja, kisha usirudie mpaka kijiti kitoke kikavu.

Jani moja au mawili ya zamani yatageuka njano baada ya hapo, usihangaike nayo. Weka mahali penye mwanga usio na jua la moja kwa moja, na usitie mbolea mpaka jani jipya lifunguke lote.